Maumivu ya jicho kuisha si kupona

Leo naomba kuanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, maana ningependa wewe ulikwepe.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa bodaboda aliingia katika kliniki yangu hapa Nairobi akiwa ameziba jicho la kushoto kwa kiganja. Alikuwa akifunga gunia la viazi nyuma ya pikipiki. Aliuvuta ule mpira wa tyubu kwa nguvu zake zote, ukamponyoka, ukamrudia usoni kama mjeledi. "Daktari, leo nimeona nyota mchana," aliniambia, akijaribu kucheka.

Nililimulika jicho kwa tochi. Lilikuwa jekundu kama pilipili na kope zilikuwa zimevimba. Kioo cha mbele kilikuwa na mchubuko mdogo tu. Nilimtaka asome herufi za ukutani, akazisoma zote ila mstari wa chini kabisa. Nikampa matone ya dawa na vidonge vya maumivu, nikamwambia, "Pole sana, kijana. Hili litapona. Rudi ukiona mabadiliko yoyote."

Baada ya siku tano nilimpata kwenye steji yao. Jicho lilikuwa jeupe na maumivu yalikuwa yamekwisha. Alinishukuru mbele ya wenzake, nami nikaenda zangu nikiwa nimevimba kichwa.

Alirudi baada ya wiki tisa. Mara hii hakucheka. "Daktari, kuna kitu kama pazia kimeshuka juu ya jicho. Mwanzo kilikuwa pembeni, nikadhani ni uchovu. Sasa nikikutazama sioni paji lako la uso."

Nilimpeleka siku hiyo hiyo kwa daktari bingwa wa macho. Mboni ilipanuliwa kwa dawa, picha zikapigwa, na jibu likawa wazi kwenye kompyuta. Retina, ule utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, ilikuwa imechanika ukingoni siku ile ya mpira. Tangu hapo ilikuwa ikibanduka pole pole, na sasa kubanduka huko kulikuwa kumefika katikati, mahali pa kusomea na kutambulia nyuso.

Kwa wiki tisa jicho lile lilikuwa likiharibika, huku mimi na mwenyewe tukifurahia weupe wake.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu huuona ni wa kupita kiasi. Nasema hivi: mtu yeyote aliyepigwa jicho kwa nguvu asiruhusiwe kusema amepona mpaka nyuma ya jicho lake ipate kutazamwa, mboni ikiwa imepanuliwa. Na panapokuwa na dalili yoyote ya kutilia shaka, retina ipigwe picha, na picha hiyo ihifadhiwe. Nitakueleza sababu zangu, kisha uamue mwenyewe.

NYUMA HAKUNA KILIO

Jicho limejengwa kama kamera ya zamani. Mbele kuna kioo angavu kiitwacho konea. Nyuma yake kuna mboni inayopitisha mwanga, kisha lenzi inayoukusanya. Mwisho kabisa, ukutani, kuna retina, ambayo kazi yake ni ile ya filamu. Hiyo ndiyo inayopokea mwanga na kuugeuza kuwa habari, na habari hizo husafiri kwa neva ya jicho hadi kwenye ubongo. Katikati ya retina kuna eneo dogo mno liitwalo makula. Ukisoma gazeti hili sasa, unasoma kwa makula.

Konea ina neva nyingi za maumivu kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili. Chembe moja ya vumbi yatosha kumfanya mtu mzima alie. Lakini retina haina neva za maumivu. Inaweza kuvimba, kuvuja damu, kuchanika au kubanduka, na mwenyewe asihisi hata mwasho. Basi maumivu tuliyozoea kuyatumia kama kipimo yanatupa habari za mbele tu. Mbele hupiga kelele na kupona haraka, mara nyingi kwa siku mbili tatu. Nyuma huharibika kimya kimya.

Fikiria pia jinsi pigo linavyosafiri. Ngumi, mpira wa kandanda, kizibo cha chupa, jiwe la manati au mkebe wa gesi ya kutoa machozi ukilipiga jicho, jicho hubonyea kutoka mbele kwenda nyuma na kutanuka pande zote kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Mbele huenda kusionyeshe jeraha kubwa, lakini ule mtikisiko huivuta retina ukingoni inakoshikamana na maji mazito yaliyo ndani ya jicho. Hapo ndipo huchanika, kama kitambaa kinavyochanika kwenye mshono.

Na si lazima pazia lishuke siku hiyo. Kwa vijana, ambao yale maji mazito ya ndani ya macho yao bado ni mazito kama uji wa wimbi ulioganda, huweza kupita wiki au miezi kabla ya maji kupenya chini ya retina na kuibandua. Hiyo ndiyo hila iliyotupata mimi na mgonjwa wangu.

TULIVYOJIFUNZA KUTAZAMA

Kwa maelfu ya miaka hakuna tabibu aliyewahi kuona retina ya mtu aliye hai. Mboni ilionekana kama shimo jeusi tu. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza chombo chake kidogo cha kumulika na kutazama ndani ya jicho kwa wakati mmoja. Chombo hicho, ofthalmoskopi, kingali mfukoni mwa madaktari hadi leo, ingawa kinapotutoka mkononi mara moja moja huwa hatukitafuti tena.

Baadaye zikaja kamera za kupiga picha ya retina. Mwaka 1961 watafiti wawili wa Marekani, Novotny na Alvis, walieleza njia ya kudunga rangi ya fluoresini kwenye mshipa wa mkono na kuipiga picha inapopita katika mishipa midogo ya damu ya jicho. Panapovuja pakaonekana, na palipoziba pakaonekana.

Kisha mwaka 1991 watafiti wa Marekani walichapisha njia mpya ambayo leo madaktari wote huiita OCT. Mashine hii hutumia mwanga, jinsi altrasaundi inavyotumia sauti. Mgonjwa huketi, huweka kidevu mahali pake na kutazama alama ndogo. Hachomwi sindano, haguswi jicho, na haimulikwi miale ya eksirei. Kwa sekunde chache mashine hutoa picha ya retina kana kwamba imekatwa kwa kisu kikali na kutazamwa ubavuni, tabaka juu ya tabaka. Retina yenyewe ina unene wa takriban robo ya milimita, lakini katika picha hiyo unaweza kuhesabu tabaka zake kama chapati zilizopangwa kwenye sahani.

Kila njia ina kazi yake baada ya ajali. Kamera ya kawaida huonyesha damu iliyomwagika, weupe wa uvimbe na mipasuko ya tabaka lililo chini ya retina. Kamera za kisasa za eneo pana hufika karibu na ukingo, ambako michaniko hupenda kujificha. OCT hutoboa siri za makula: kama imetoboka, kama kuna maji chini yake, kama seli za kuonea zimevunjika. Na damu ikiwa imejaa jichoni hata hakuna mwanga unaopita, altrasaundi hutumika kujua kama retina bado ingali ukutani.

PICHA NA MATUMAINI YA KUPONA

Swali ambalo kila mgonjwa huniuliza ni moja: "Daktari, nitaona tena kama zamani?" Zamani tulikuwa tukijibu kwa kumtaja Mungu na kumwambia asubiri. Kumtaja Mungu si kosa, lakini sasa tuna la kuongeza.

Chukua uvimbe wa retina unaofuata pigo. Katika picha, sehemu iliyopigwa huonekana nyeupe kama maziwa yaliyomwagika. Wengi wa wagonjwa hawa hupata nafuu katika wiki chache bila upasuaji wowote. Lakini si wote. OCT huonyesha mstari mmoja mwembamba unaong'aa, ambao ni alama ya seli za kupokea mwanga. Mstari huo ukiwa mzima, matumaini ni makubwa. Ukiwa umekatika, daktari hufuata picha baada ya picha kuona kama unajiunga tena. Ukibaki umekatika, kuona kwa katikati huenda kukabaki na kasoro, na ni heri mgonjwa ajue mapema ili ajipange.

Au chukua tundu la makula linalosababishwa na pigo. Mgonjwa hukwambia kwamba akimtazama mtu usoni, pua haipo. Matundu mengine, hasa ya vijana, hujifunga yenyewe katika miezi michache. Mengine huhitaji upasuaji. Bila picha za kulinganisha, daktari atajuaje kama tundu linapungua au linapanuka? Akimpasua mgonjwa ambaye angepona bila kisu amemtesa bure, na akimchelewesha yule asiyeweza kupona mwenyewe amemnyima nafasi.

Kuna pia mpasuko wa tabaka la mishipa ya damu lililo chini ya retina. Huacha kovu lenye umbo la mwezi mwandamo. Kovu hilo huweza kukaa kimya muda mrefu, kisha baada ya miezi au hata miaka mishipa mipya dhaifu ikaota pale na kuvuja damu. Ikigunduliwa mapema ina dawa ya kudungwa jichoni. Lakini aliyeambiwa "umepona, nenda nyumbani" hatarudi kukaguliwa, na mistari ikianza kupinda atafikiri ni miwani.

Hata neva ya jicho ina hila yake. Mtu akianguka na kugonga paji la uso, neva inaweza kuumia ndani ya mfupa. Siku ya kwanza ncha ya neva ndani ya jicho huonekana nzima kabisa, ingawa mgonjwa haoni. Wiki kadhaa baadaye ndipo tabaka la nyuzi za neva linapoanza kukonda, na OCT hupima ukondaji huo. Picha ya siku ya kwanza, ambayo haikuonyesha kasoro, ndiyo inayoipa maana picha ya mwezi wa pili. Kwa sababu hiyo natia mkazo neno kuhifadhi. Picha moja hukupa hali ya leo, lakini mwendo wa jicho huonekana ukiweka mbili pamoja.

PICHA SI KILA KITU

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi ukipigwa jicho ukimbilie mashine. Kipimo cha kwanza ni kile kile cha miaka yote: ziba jicho moja, soma herufi, kisha jingine. Daktari atazame mboni zote mbili zinavyojibu mwanga. Atazame kama mbele ya jicho kuna damu iliyotuama. Mashine haiwezi kuchukua nafasi ya hayo, na kuna wagonjwa ambao picha zao ni safi lakini hawaoni vizuri, na wengine wenye makovu makubwa wanaofanya kazi zao bila tabu.

Tena kuna hatari. Jicho likiwa limepasuka au kutobolewa, halifai kukandamizwa kwa chochote, wala kwa altrasaundi ya kugusa. Kazi hapo ni kulifunika kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, hata kitako cha kikombe cha plastiki kilichokatwa, na kumkimbiza mgonjwa kwenye upasuaji. Picha za retina zitakuja baadaye.

Fundi wa jua kali aliyerukiwa na kipande cha chuma asiingizwe katika mashine ya MRI kabla ya kuhakikishwa kwamba hakuna chuma jichoni, kwa sababu sumaku ya mashine hiyo yaweza kukisogeza na kumaliza jicho. Eksirei au skani ya CT ndiyo ya kutafuta chuma. Na kipande cha chuma kikiachwa ndani, kutu yake huitia retina sumu pole pole, ingawa tundu lilikopitia lilikuwa dogo kama la sindano na lilifungika lenyewe.

Na aliyeumia kichwa pamoja na jicho asitiwe matone ya kupanua mboni bila wanaomtibu kichwa kujua, kwa sababu mboni hizo hizo ndizo wanazozitazama kujua hali ya ubongo.

"LAKINI DAKTARI, MASHINE ZIKO WAPI?"

Najua utaniuliza hivyo, na una haki. OCT ni mashine ghali, na nyingi zake ziko katika hospitali kubwa na kliniki za mijini. Mwenzangu mmoja aliniambia, "Wewe unaota. Watu wanakosa hata matone ya dawa, na wewe unahubiri picha za tabaka."

Namjibu hivi. Kwanza, sehemu kubwa ya ninayoyahubiri haihitaji mashine ghali. Matone ya kupanua mboni na ofthalmoskopi yanapatikana, na nchi hii ina maafisa wa kliniki waliosomea macho, wanaofanya kazi nzuri mbali na miji. Kosa langu kwa yule kijana halikutokana na umaskini wa nchi. Lilitokana na haraka yangu. Kulikuwa na wagonjwa kumi na mmoja kwenye benchi, na kupanua mboni huchukua karibu nusu saa. Hilo ndilo lililomgharimu.

Pili, hapa Kenya tumekwisha kuona kwamba picha zinaweza kumfuata mgonjwa aliko. Daktari Mwingereza Andrew Bastawrous na wenzake walifanya utafiti Nakuru wakitumia kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye simu ya mkononi ili kupiga picha ya nyuma ya jicho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba kwa kutazama ncha ya neva ya jicho, picha za simu zilikaribiana na zile za kamera ya hospitali, hata zilipopigwa na mtu asiye mtaalamu wa macho aliyefunzwa kazi hiyo. Utafiti ule haukuhusu majeraha, na picha ya simu haifiki ukingoni mwa retina, kwa hivyo haiwezi kumaliza shaka zote. Lakini afisa wa kliniki aliyeko Lodwar au Garissa anaweza kutuma picha kwa bingwa aliyeko mbali na kuuliza, "Huyu nimlete leo, au asubiri kliniki ya wiki ijayo?" Kwa jicho linalobanduka, tofauti ya leo na wiki ijayo ni kubwa kama tofauti ya kusoma na kutosoma.

Tatu, hospitali zenye ujuzi wa macho tunazo: Hospitali Kuu ya Kenyatta, Kikuyu, Sabatia kule Vihiga, Kwale, Lighthouse ya Mombasa, na ile ya Lions kule Loresho. Haja yetu kubwa ni njia ya kutoka kwangu mimi, daktari wa kawaida mtaani, hadi kwao, kabla ya wiki ya tisa. Ningependa kila kaunti kati ya zile 47 iwe na angalau kamera moja ya retina inayofanya kazi, yenye mtu aliyefunzwa kuitumia. Na bima ya afya, ambayo tangu Oktoba 2024 iko chini ya SHA, iyatazame majeraha ya macho kama dharura, kwa sababu jicho halingoji fomu.

SOMO LA AGOSTI 7, 1998

Nilikuwa bado mwanafunzi wa shule ya upili wakati ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa hapa Nairobi mwaka 1998. Watu 213 walifariki katika jiji letu na maelfu wakajeruhiwa. Wengi walioumia macho waliumizwa na vioo. Walisikia mlipuko mdogo wa kwanza na vishindo, wakakimbilia madirishani kutazama kuna nini. Ndipo mlipuko mkubwa ukaja.

Nilipoanza kazi nilikutana na mama mmoja aliyekuwa katika jengo la karibu siku ile. Jicho moja alilipoteza pale pale. La pili liliitwa zima, kwa kuwa halikuingiwa na kioo. Miaka mingi baadaye presha ya jicho hilo "zima" ilikuwa imepanda pole pole bila yeye kujua, na neva ilikuwa imeanza kuliwa. Pigo lilikuwa limeharibu mahali maji ya jicho yanapotokea, jambo ambalo huweza kuleta glakoma hata miaka kumi na zaidi baada ya ajali. "Mwanangu," aliniambia, "hakuna aliyeniambia nirudi. Waliniambia nishukuru limebaki moja."

Yule mama alinifundisha kwamba jicho lililowahi kupigwa sana hukaguliwa kila mwaka, maisha yote: presha, neva na retina. Hakuwa na picha hata moja ya zamani ya kulinganisha. Tulianza upya, tukiwa tumechelewa. Na kwako wewe kuna somo jingine jepesi zaidi: ukisikia mlipuko, ondoka dirishani.

MAMBO YA KUFANYA

Ukipigwa jicho, au mtoto wako akipigwa, zingatia haya.

Usilisugue wala usilikande. Usitie maziwa, mate, asali wala dawa ya jirani. Kama ni kemikali au saruji iliyoingia, hapo usingoje mtu: osha kwa maji safi mengi papo hapo, kwa angalau nusu saa, kisha nenda hospitali. Kama kuna kitu kimechoma jicho, usikichomoe.

Ziba jicho zima na ujipime kwa lile lililopigwa. Tazama ukurasa wa gazeti, mlango, uso wa mtu. Je, kuna sehemu inayokosekana? Je, mistari iliyonyooka inapinda? Mpime mtoto kwa namna hiyo hiyo, kwa sababu mtoto mdogo hatakwambia kwamba jicho moja halioni maadamu jingine linamtosha.

Dalili za kukimbia nazo siku hiyo hiyo ni hizi: mimweko ya mwanga kama ya radi hata ukiwa gizani, vidoti vyeusi vingi vinavyoelea kama masizi au mbu, kivuli au pazia upande wowote, kuona kulikopungua ghafla, au damu inayoonekana mbele ya mboni. Dalili hizo zikitokea baada ya miezi mitatu, uzito wake ni ule ule wa siku ya kwanza.

Mwambie daktari, kwa heshima lakini bila woga: "Naomba utazame nyuma ya jicho." Hutakuwa umemkosea adabu. Kama hana vifaa, akuandikie barua uende kwa aliye navyo. Ukitiwa matone ya kupanua mboni usiendeshe gari wala pikipiki saa kadhaa zifuatazo, maana utaona ukungu.

Ukipigwa picha, omba nakala. Siku hizi unaweza kuihifadhi kwenye simu yako, ikiwa na tarehe. Nakala hiyo itakufaa hospitali nyingine, na kama uliumia kazini itakufaa pia mbele ya sheria. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa walioumia kazini hulipa kwa kutazama kiwango cha ulemavu kilichothibitishwa na daktari. Nimeona mafundi wakihangaika kuthibitisha ulemavu wa retina ambao hauonekani kwa nje, mwajiri akisema, "Jicho si liko hapo, tena jeupe?" Picha humaliza ubishi huo. Basi mwarifu mwajiri mapema, kwa maandishi.

Na bora kuliko yote, vaa miwani ya kinga. Mchomeleaji wa vyuma Kamukunji, mwenye grainda Kariobangi, mkata mawe wa Ndarugo, hata wewe unayekata nyasi nyumbani: miwani hiyo ni rahisi kuliko nauli ya kwenda kliniki mara tatu. Mwajiri naye anatakiwa na sheria kumpa mfanyakazi wake vifaa vya kujikinga. Na wewe wa bodaboda, ukivuta mpira wa kufunga mzigo, geuza uso pembeni.

Sasa nimalizie habari za yule kijana. Alifanyiwa upasuaji na retina ikarudishwa ukutani. Kabla ya upasuaji aliweza tu kuhesabu vidole vilivyo mbele ya uso wake. Kila alipokwenda kliniki alipigwa picha, nami nikaomba nizione. Mwezi wa kwanza kulikuwa bado na maji kidogo chini ya makula. Mwezi wa tatu yalikuwa yamekauka. Mwezi wa sita ule mstari unaong'aa ulikuwa umeanza kujiunga, lakini katikati ukabaki na pengo. Jicho hilo sasa linasoma nusu ya herufi za ukutani. Halisomi gazeti.

Anaendelea na kazi yake kwa jicho la kulia, na kila mwaka anakwenda kukaguliwa. Siku moja nilimwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Daktari, hata mimi niliona kivuli wiki tatu kabla sijaja. Nilingoja liume."

Halikuuma. Wewe usingoje.